Futi Haikufika

Bwana apewe sifa, wapendwa! Siku ile pale Likunja tulikuwepo mimi, Bibi Skola. Mjukuu wangu Sekunda, ambaye tulikuwa tunamtoa mwali. Mama yake Anjela, binti yangu wa tatu. Jirani yangu Biti Saidi, aliyepika wali. Fundi Athumani wa Ruponda, aliyetushonea sare. Na wifi yangu Fidea wa Nachingwea mjini, dada wa marehemu mume wangu. Huyo Fidea ndiye kisa chenyewe.

Ndugu zangu, nilimwonea wivu! Zamani, tukipimwa sare za harusi ya Anjela, fundi alimzungushia Fidea futi nyongani, haikufika. Wanawake wakapiga vigelegele: huyu katunzwa na mumewe! Mimi futi ilinizunguka ikabaki ya kumfungia kuku. Nilicheka nao, moyo unaungua. Nikaapa, na mimi nitanenepa.

Nikanenepa! Jembe niliwaachia wengine, nikawa napalilia kwa mdomo, nimekaa. Chai vijiko vitano vya sukari, maandazi, soda, korosho za kukaanga. Nikishiba, naongeza tonge la kumpita Fidea. Pumzi ikawa fupi, magoti yakauma, kidonda cha mguu kikagoma kupona. Nikasema ni uzee. Siku ya kupimwa sare za Sekunda, futi haikunifikia. Nikamshukuru Mungu!

Basi, kwenye ngoma, Fidea akashuka kwenye bodaboda. Amepungua! Anatembea kama msichana! Wivu ukaanza upya.

Kwetu, bibi lazima acheze na mwali wake. Nilikuwa nimekaa mkekani, nikajaribu kunyanyuka, siwezi. Fidea akaninyooshea mkono: "Wifi, shika." Nikaukataa. Nikajivuta mwenyewe, nikaangukia sinia la Biti Saidi. Nikiwa na wali kichwani, nikamwona Fidea anacheza na mjukuu wangu.

Fidea huyohuyo alinipeleka zahanati. Presha juu, sukari juu. Nesi akasema kidonda kile kikiachwa, mguu utakatwa. Akasema wapo wanaozaliwa na asili ya unene, "lakini wewe bibi umekula ukakaa, na moyo wako ndio unaoubeba mwili huo." Akanipa dawa.

Fidea akahamia kwangu mwezi mzima. Ugali wa ngumi moja, kisamvu, mlenda, chai bila sukari. Asubuhi ananitembeza mpaka kisimani, yeye mbele, mimi nyuma nauchukia mgongo wake. Hata wema wake niliuonea wivu!

Asubuhi moja nikapiga magoti njiani, magoti yaleyale. Nikamwambia Bwana, nitolee wivu huu, umekula mwili wangu. Kisha nikamweleza Fidea yote, tangu ile futi. Akaketi chini, akacheka mpaka machozi.

"Skola, mimi ndiye niliyekuwa nakuonea wivu wewe! Siku ya harusi mapaja yamechubuka, pumzi sina. Wewe ukatoka harusini ukaenda Matambarale kwa miguu, na kikapu kichwani! Nilitamani miguu yako."

Haleluya! Kidonda kimefunga. Dawa nameza, shamba naenda. Dada uliyekaa hapo unayeutamani mwili wa mwenzako, mwamini Mungu, na kupimwa uende.

Kama nimekosea jina au nani katoka wapi, nisahihisheni. Lakini Fidea akiwaambia wivu wangu ulikuwa mkubwa kuliko nilivyosema, mwaminini yeye.