Uzito Niliouandika

Ndugu zangu, mkiniona nimeishika hii meza, nivumilieni. Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Hata kuhusu kusimama hapa nimewaza wiki nzima.

Nilipomaliza chuo nilipata ukarani kwenye kiwanja kidogo cha ndege, nje ya Nakuru. Kazi yangu ilikuwa kupima mizigo na kumwandikia rubani uzito. Siku moja yakaja masanduku ya maua makavu ya pareto. Kina mama wa Dundori mnajua, gunia la pareto kavu hata mtoto hubeba. Sanduku moja liliwashinda wanaume wawili, na ndani nilisikia vyuma vikigongana.

Nikamwambia meneja. Akacheka. "Karani, chuoni mlisomea maua? Andika nusu."

Nikaandika nusu. Nilijua ni risasi. Ni miaka hii hii ya hali ya hatari, watu wanazikwa kila upande, nami nikajiambia sijafungua kitu, kwa hiyo sijui kitu. Miezi minne niliandika nusu. Nikaanza kunywa ili nipate usingizi.

Halafu asubuhi moja akaletwa mama mjamzito, mahututi, na muuguzi wake, apelekwe Nairobi kwa ndege hiyo hiyo, pamoja na masanduku. Rubani alikuwa mgeni kwetu, hakujua siri ya masanduku. Akasoma karatasi yangu. "Uzito si mbaya. Mpakieni."

Nawaambia, nilipiga ile hesabu kichwani mara kumi. Kila mara, kwa masanduku yale na abiria juu yake, ndege iligonga mlima.

Nikasema, "Bwana, nimekudanganya. Uzito ni mara mbili."

"Karani amelewa huyu," meneja akasema.

"Jana nililewa, bwana. Leo sijaonja."

Rubani akafungua sanduku. Chini ya maua, risasi. Masanduku yakashushwa, mama akasafirishwa na muuguzi wake, akafika salama. Mimi na meneja tukapelekwa rumande.

Nawashukuru mlioniletea uji kule bila kuniuliza maswali, na mzee mmoja aliyekaa nami jioni nyingi, nilipoachiliwa niwe shahidi, mpaka nikaiacha pombe.

Nililojifunza ni dogo. Woga huniuliza maswali mia. Siku hizi najibu moja tu: hili ni kweli au si kweli?

Jumatatu natoa ushahidi kortini. Nimeshatumiwa watu waniambie ninyamaze. Naogopa, tena sana. Lakini nitakwenda, nitataja kila aliyehusika, na nitaanza na jina langu.