Kisu Kimoja, Kazi Tatu

Kwenye Noah ya abiria ya kutoka Haneti, Ruthu alikosea kitu kimoja tu: mama wa Kirangi aliyekaa pembeni yake alimuuliza anaguna nini, naye akamjibu. Basi! Siri ikawa ya gari zima.

"Kesho wananipasua mara ya nne, mama. Watamtoa mtoto, watashona ngiri ya kitovu, halafu wanataka wanifunge kizazi humo humo."

"Si ndiyo vizuri? Tumbo siyo begi la zipu, mwanangu, lifunguliwe kila mwaka!"

Abiria wa nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Kipimo kimesema wa kiume tena. Nyumbani ninao watatu. Nataka wa kike, nimpe jina la marehemu mama."

"Na ukifia kwenye kisu cha tano, jina atampa nani?"

Ruthu akaipapasa kanga kuukuu ya mama yake aliyoipakata. "Hata sauti yake nimeanza kuisahau. Nataka nikiita jina lake, mtu aitike."

Gari likasimama kwenye geti la hospitali. Ruthu akashuka, yule mama akampitishia mfuko wake dirishani. "Mama yako alikuwa anaitwa nani?"

"Nyemo!" Ruthu akaita kwa nguvu, kisha akasimama kidogo, kama anayesubiri.