Felista Alute, Mkunga wa Ilongero, na Ubatizo wa Njiani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Cecilia, binti wa kaka yake marehemu. Ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yetu, Mama Felista Alute.

Marehemu alizaliwa mwaka 1921 hapa Ilongero, mtoto wa tatu wa Mzee Alute. Tarehe haikuandikwa, mama yake alikumbuka tu kwamba uwele ulikuwa umeanza kutoa masuke. Tarehe aliyoijua mwenyewe ni ya ubatizo wake, Jumamosi Kuu, 19 Aprili 1930. Alipenda kutusimulia siku hiyo. Padre alimwuliza, "Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?" Alitakiwa ajibu, "Imani." Lakini alikuwa ametembea tangu alfajiri bila kunywa kitu, akajibu, "Maji." Padre alicheka, akaagiza apewe kikombe anywe kwanza, kisha akambatiza.

Alisoma shule ya misioni hadi darasa la nne. Mwaka 1938 masista walimchukua kusaidia zahanati, wakamfundisha ukunga. Walimfundisha pia kwamba mtoto mchanga akiwa katika hatari ya kufa na padre yuko mbali, mtu yeyote anaweza kumbatiza, mradi amwagie maji, atamke maneno na akusudie kufanya lile linalofanywa na Kanisa.

Tarehe 7 Juni 1941 alifunga ndoa na Filipo Mughwai, mkulima wa Unyambwa aliyekubali kuhamia huku kwa sababu ya kazi ya mkewe. Walizaa watoto watano, wawili walitangulia.

Julai 1970 aliitwa kwa Klara, mke wa Mazengo. Klara alikuwa Mkristo. Mazengo, mfugaji aliyetoka upande wa Manyoni, hakuwa na dini hiyo. Mtoto alizaliwa kabla ya miezi yake. Marehemu alipoona mtoto anakata roho, alimbatiza, naye akafa papo hapo. Mazengo alikuja uani kwetu na fimbo. "Ulimmwagia mwanangu maji, akafa," alisema. "Ukimgusa mwingine, tutaonana." Maneno hayo yalienea. Wanawake wengi waliacha kumwita, na waliomwita walimpitisha nyuma ya nyumba. Shangazi hakujibizana na mtu. Alikwenda kila alipoitwa.

Septemba 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, tulipakiwa kwenye lori kwenda kijiji kipya. Klara, aliyepanda pamoja na Mazengo, alikuwa mjamzito tena, na lori halikungoja. Njiani uchungu ukamshika. Dereva alisimama porini, akamwambia shangazi afanye haraka. Alizaliwa msichana, wa bluu, hatoi sauti. Klara naye akaanza kuvuja damu nyingi. Shangazi alinikabidhi mtoto, akakandamiza tumbo la Klara kwa mikono miwili.

"Mfyonze makamasi puani, Cecilia. Tena."

Nilifyonza. Mtoto akavuta pumzi moja, akanyamaza. Maji pekee yalikuwa kwenye dumu la dereva la kujazia rejeta ya lori. Nilinyoosha mkono nimbatize, lakini Mazengo aliwahi kulinyakua, akalikumbatia.

"Maji haya hayamgusi mwanangu."

"Mazengo," Klara alisema kwa sauti ndogo, "huyu nimembeba mimi. Asife bila jina."

"Yule wa kwanza alikuwa na jina. Lilimsaidia nini?"

Nilimwambia shangazi nitamnyang'anya. Akanikataza. Hakuinua mikono kwenye tumbo la Klara, lakini alimtazama Mazengo usoni.

"Yule hakufa kwa maji. Alizaliwa kabla ya wakati wake, na mimi nilishindwa kumwokoa. Maji haya si sumu, Mazengo, wala si dawa. Ni kumkabidhi kwa Mungu. Akifa, afe ana kwao. Akiishi, aishi ana kwao. Mimi sina mkono wa kukunyang'anya. Mwagia wewe."

"Mimi? Mimi si wa kwenu."

"Wewe ni baba yake. Ukikusudia tunachokusudia sisi, inatosha. Haraka."

Mazengo akafungua dumu. Maji mengine yakalowesha magauni yetu. Shangazi alitamka, naye akafuatisha: "Kristina, nakubatiza kwa jina la Baba..." Akakwama. Akaanza upya, akamaliza yote. Mtoto hakulia. Niliendelea kumfyonza huku lori likienda, na tulikuwa tumekaribia kijiji kipya ndipo alipolia. Damu ya Klara nayo ilikuwa imepungua.

Watu walianza kusema maji yamemponya mtoto. Marehemu aliwakatalia: "Hayakumponya huyu, kama vile hayakumwua yule." Mazengo alikwenda kwa padre kuuliza kama alichofanya kinahesabika, hali yeye mwenyewe hajabatizwa. Padre akamjibu kwamba kinahesabika. Mazengo akasema, "Basi nimemwingiza mwanangu mahali ambapo mimi sijaingia." Mwaka uliofuata alianza mafundisho.

Novemba 1975 marehemu alianza kuumwa tumbo. Hospitalini Singida walikuta uvimbe uliokwisha kuenea, akaomba kurudi nyumbani. Wiki iliyopita Mazengo alimwomba padre ambatize kabla ya Pasaka, ili shangazi awahi kuona. Shangazi alikataa. "Usiingie kwa sababu yangu," alimwambia. "Ingia siku ukiwa tayari, hata kama sipo." Mazengo alilia mbele yetu sote. Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 26 Machi 1976, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Mzee Filipo, watoto watatu, Gaspari, Anastazia na Antipasi, wajukuu tisa, na watoto wengi wa Ilongero aliowapokea duniani, nusu yao wamesimama hapa. Pasaka imebaki wiki tatu. Mazengo yupo kati yetu, na ametuambia bado anajitayarisha.

Mungu aliyempokea akiwa mtoto mwenye kiu ampokee tena, ampumzishe.