Talib Anashuka Jukwaani, Musab Anabaki na Mabuti

Haya, ndiyo mnakuja leo? Miezi yote hiyo hamtii mguu ukumbini, mnangoja mtu astaafu ndiyo mkumbuke njia ya Walthamstow, hapa hapa London! Kaeni. Chai ipo.

Talib anastaafu Jumamosi hii ya leo, tarehe 14 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minane ya kupiga bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani Weusi, na mdogo wake, Musab. Siku za kazi Talib aliendesha basi, Musab akauguza wagonjwa. Jumamosi ni magitaa mawili, viti viwili, na mimi Bi Time jikoni nawakaangia sambusa.

Walianzia harusini, Wembley. Mwenye harusi alisikia kuna Wazanzibari wawili wapiga gitaa, akadhani ni taarabu. Wanawake tumejipamba, tumejiweka tayari kutuza. Ikatoka bluzi! Shangazi wa bibi harusi akasonya. Wimbo wa tatu, yeye ndiye wa kwanza kuinuka kutuza, analia, wanja wote mashavuni.

Miaka sita iliyopita wakaanza vituko. Talib anapiga peku, Musab amevaa suti na mabuti ya fundi ujenzi, anakanyaga jukwaa kama anaua nyoka. Niliwafokea: "Mmoja hana viatu, mwingine ana vya watu wawili! Mnatuaibisha!" Musab akacheka tu: "Bi Time, sambusa zinaungua."

Kumbe masikio ya Talib yalishakufa. Alikuwa akimfuata mdogo wake kwa nyayo, mdundo wa mabuti unampanda kupitia mbao za jukwaa. Miaka sita, na hakupotea hata mara moja. Mungu anisamehe mdomo wangu.

Sasa vidole navyo vimegoma. Musab akasema basi, na yeye anatundika gitaa. Talib akasoma midomo yake, akamaka: "Ulitundike, mimi nisikilize nini?"

Kwa hiyo Musab anaendelea, na kiti cha Talib kinashuka safu ya mbele. Juzi tulijaribu. Mdundo wa mabuti ya mtu mmoja haufiki huku chini. Talib alikaa peku, akangoja, akatabasamu ili tusione kwamba hakuna kilichomfikia.

Ahsante, mwanangu Talib. Umetupasha moto watu tuliokuja na baridi mifupani. Mungu akupe afya na vidole visivyouma.

Na nyinyi, mkija Jumamosi nyingine, vaeni viatu vizito, mkae nyuma yake. Musab akianza, kanyageni sakafu pamoja naye, wala msiache mpaka mumwone Talib anatikisa kichwa kufuata mdundo.