Siku Shemeji Alipojibu kwa Jina la Hospitali

Amani iwe kwenu nyote. Wakubwa wangu shikamooni, wadogo hamjambo. Mwenyekiti wa jumuiya ameninong'oneza nisizidishe, maana chai iko tayari na wengine mnarudi hadi Buhongwa. Nitajitahidi. Ila nikizidisha mnivumilie, jambo hili nimelinyamazia muda mrefu na leo limekubali kutoka.

Sitataja jina la mtu. Na wewe ukimtambua mtu humu, baki naye moyoni. Kazi yangu mnaijua, imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibanda changu hapa Mkolani: fundi wa redio, televisheni na simu za upepo. Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyonisimamisha hapa.

Wazee mnakumbuka miaka ile mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa na watu kupunguzwa kazini. Mimi nilikuwa kwenye karakana ya kiwanda kimoja cha pamba, msaidizi wa fundi umeme. Msaidizi, ndugu zangu. Kazi yangu ilikuwa kushika ngazi na kupokea bisibisi. Siku tuliyopewa barua niliingia getini msaidizi nikatoka fundi, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kunibishia. Televisheni ndiyo kwanza zinaingia Mwanza, kila mwenye duka anataka antena juu ya bati. Nikajifunza kwa kuharibu vya watu. Watoto wakala, wakavaa. Nikadhani Mungu amekubaliana na kile kiuongo changu kidogo.

Basi ikaja kazi ya simu ya upepo. Kwa nyie vijana, ni redio unayobonyeza kidude ukaongea, ukiachia unasikiliza. Haina waya wa kwenda kwa mwenzako. Inarusha sauti hewani kwa antena, na mwenye redio ya namna hiyo huko aliko anaipokea. Wafadhili walikuwa wameipa redio hiyo zahanati moja ya ng'ambo ya ziwa. Unavuka na pantoni Kigongo, unatokea Busisi, halafu unafuata ufuko kwa mwendo wa baiskeli. Hospitali ya mjini ilikuwa na redio yake, imeshafungwa na wataalamu wao. Nia ilikuwa njema na nyepesi kueleweka: nesi wa zahanati akipata mgonjwa anayemzidi, aite hospitali, nao walete gari Kigongo limsubiri.

Nesi mwenyewe ni mama wa Kagera, mpole, mwenye macho ya kukutazama mpaka mwisho wa sentensi. Aliniuliza mbele ya kamati ya kijiji, "Fundi, umeshawahi kufunga hizi?"

Nikasema, "Nyingi tu."

Hata moja, ndugu zangu. Hata moja.

Ndani ya boksi kulikuwa na redio, betri, paneli ya sola, antena, waya mnene mweusi wa mita kama kumi na tano, na redio nyingine ndogo ya mkononi ya kufanyia majaribio. Kulikuwa pia na kitabu cha maelekezo, Kiingereza kitupu. Nilikifunua ukurasa mmoja mmoja, nikatikisa kichwa kama daktari anayesoma cheti cha mgonjwa, nikakirudisha kwenye boksi. Mimi ni wa darasa la saba, Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Ningeweza kumwambia nesi anisomee, maana yeye alikuwa anakisoma vizuri. Lakini fundi anasomewa na mteja? Nilikuwa radhi nife.

Nyuma ya zahanati kuna mwamba mkubwa. Kwenye kazi ya televisheni nilijua jambo moja: antena ikipanda, picha inanyooka. Nikasema hii nitaipandisha mpaka wanikome. Tatizo, waya ule mnene haukufika juu. Sikuumiza kichwa. Nikarudi mjini nikanunua roli la waya mwembamba wa televisheni, nikauunga na ule mwingine, nikapeleka antena mpaka kileleni. Wanakijiji walikaa chini wakinitazama nilivyokwea. Mtoto mmoja akasema nafanana na nyani, mama yake akampiga kofi. Mimi nilijisikia kama askofu.

Jioni nikawasha. Taa ikawaka. Nikabonyeza, nikaita hospitali. Shhhhh. Nikaita tena. Shhhhh. Nikabadili hiki, nikakaza kile, nikazungusha antena huku na huku. Hakuna mtu aliyejibu. Na uzinduzi ulikuwa kesho yake, mbuzi ameshafungwa pale, akina mama wameshashona sare za kwaya.

Sasa sikilizeni mtu anavyoanguka, maana haanguki kwa kishindo. Nilikuwa nimekuja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ananisaidia kubeba vitu. Ana sauti nzito, nzuri, ya mtu wa ofisini. Nikamwambia, "Shemeji, kesho chukua hii ndogo ya mkononi, ukae nyuma ya mwamba kwenye mihogo. Nikiita hospitali, itika."

Akaniuliza, "Halafu?"

"Halafu wakiondoka nitarekebisha kimyakimya. Siku mbili tu."

Kesho yake, mbele ya watu wote, nikabonyeza. "Hospitali, hospitali, mnatupata?" Nikaachia. Redio ikasema, safi kabisa, "Hospitali hapa. Tunawapata vizuri sana. Hongereni wananchi." Hilo la hongereni aliliongeza mwenyewe. Mnacheka, na mimi nilicheka moyoni. Vigelegele vilipasua anga. Alikuwepo mama mmoja mjamzito, tumbo bado changa, alipiga vigelegele kuliko wote, akanishika mkono akasema, "Fundi, sasa hata sisi ni watu."

Siku mbili zikawa wiki, wiki ikawa miezi. Nilikwenda mara tatu, nikapanda mwamba, nikashuka na aibu ile ile. Na ili nesi asigundue, nikamwambia maneno ambayo hadi leo yananichoma. Nilimwambia, "Dada, msipige ovyoovyo kusalimia watu, mtamaliza betri. Hii ni ya dharura peke yake." Naye akatii. Kila asubuhi akawa anaifuta vumbi kwa kitambaa na kuiacha.

Nawaambia, ndugu zangu, huo ndio uongo mbaya. Ule wa shemeji kwenye mihogo ulikuwa kichekesho tu.

Siku moja yule mama wa vigelegele aliletwa zahanati alfajiri, uchungu umemkamata, mtoto amekaa vibaya. Nesi akaona kazi hii inamzidi. Akakaa kwenye redio. Akaita. Akasubiri. Akaita tena, akasema labda wanabadilishana zamu. Jamaa wa mgonjwa walitaka kumpakia kwenye baiskeli ya machela waanze safari, nesi akawazuia, "Ngojeni, hospitali wakijibu watatuma gari, tutakutana nalo." Akaita hivyo saa mbili nzima. Mwisho wakambeba, wakavuka Busisi, wakaomba lifti ya gari la samaki Kigongo. Mama alipona. Mtoto alifia njiani.

Mimi sikujua lolote. Siku ya tatu niko kibandani kwangu, kifua cha televisheni ya mtu kiko wazi mezani, naona nesi anaingia. Alikuwa ametoka hospitali kumwangalia mgonjwa. Kabla sijamkaribisha akanisimulia yote, taratibu, amesimama. Nilisubiri matusi. Nilikuwa nayahitaji, kwa kweli.

Badala yake akasema, "Fundi, nimekuja unionyeshe. Nilikosea wapi kubonyeza?"

Jamani.

Siku tatu yule mwanamke alikuwa hajalala, anajihesabia kosa langu. Alikuwa anafanya kidole gumba hivi, anakijaribu hewani, kama anatafuta namna aliyopaswa kubonyeza. Niliangalia kile kidole, nikakaa kwenye boksi la spea. Nikamwambia, "Dada, hukukosea. Haijawahi kufanya kazi hata siku moja." Nikamweleza habari ya shemeji, ya waya, ya kitabu. Nikamwambia sijui Kiingereza. Hilo lilikuwa gumu kulitoa kuliko yote, mnaamini? Mtoto wa watu amekufa, na mimi kilichoning'ang'ania kooni ni Kiingereza.

Ndipo akanisema. Mama mpole akikasirika, muombe Mungu. Aliniambia, "Ningejua haifanyi kazi, ningemtoa yule mama saa ile ile. Wewe hukuninyima redio tu, umeninyima saa mbili." Akalia, nikalia, mteja wa televisheni akaja akatukuta akarudi nyuma. Nesi, akijifuta uso, akaniuliza kitabu kiko wapi. Nikasema kiko kwenye boksi, zahanati. Akasema, "Kesho, pantoni ya kwanza."

Kwanza alinipeleka mbele ya kamati, nikarudia yote kwa mdomo wangu. Shemeji alikuja bila kuitwa, akasema, "Na sauti ilikuwa yangu." Mmoja akasema tupelekwe polisi. Mzee mwingine akasema, "Wapelekwe, lakini kwanza waifunge iongee." Basi nesi akakaa chini na kile kitabu, anasoma sentensi, anaigeuza Kiswahili, mimi nashika bisibisi. Akasema, "Hapa wameandika waya usirefushwe." Akafunua. "Hapa wanasema usiuunganishe na waya wa aina nyingine, nguvu yote inapotelea humo." Ilikuwa kama nasomewa mashtaka. Kumbe redio haikuwa na ubaya wowote. Sauti ilikuwa inatoka ndani nzima, inaishia kwenye waya wangu wa televisheni kabla ya kufika kwenye antena; kilichovuja kilimtosha shemeji pale kwenye mihogo tu.

Tukaacha mwamba. Tukasimamisha mlingoti mfupi ukutani, upande wa ziwani, antena ikatazama maji na mji, waya ule ule wa kwenye boksi, hakuna kiungo. Nesi akatazama juu, akasema, "Mbona iko chini hivi? Itafika kweli?"

Nikasema, "Sijui, dada. Tujaribu."

Nilipolisema hilo, sikufa.

Tukaita. Mtu mmoja akajibu, sauti yenye mikwaruzo na haraka, "Hospitali hapa. Nyie ni nani? Mbona hatujawahi kuwasikia?" Hakuna aliyepiga kigelegele. Kamati nzima iligeuka kunitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

Hawakunipeleka polisi. Naishukuru kamati ile, walinihukumu kwa kazi: kila mwezi niende kuikagua, na nesi aandike kwenye daftari kwamba amenisikia nikiongea na hospitali, na hospitali ikajibu. Namshukuru shemeji, aliyesimama siku ambayo angeweza kujificha. Namshukuru nesi kuliko wote. Kila nilipokwenda alinisomesha dakika thelathini za kitabu, neno kwa neno, mpaka leo nikifungua boksi nasoma kwanza ndipo nashika bisibisi. Vijana walioko kibandani kwangu wananisikia nikimwambia mteja sijui, subiri nikaulize. Mwanzoni walikuwa wananionea aibu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na sote tunaimba hivyo. Lakini mimi naongeza la kwangu. Kitu kibovu kinachojulikana ni kibovu hakimuui mtu, atatafuta njia nyingine. Kibovu kilichosifiwa ndicho kinachomkalisha mtu akisubiri. Kama kuna aliyekaa humu na nyumba yake, au ndoa yake, au kazi yake imekufa, na yeye anamwambia kila mtu inawaka vizuri, nakusihi ndugu yangu, mwambie mtu mmoja leo. Hata mmoja.

Nimebakiza yule mama.

Nilikwenda kwao alipotoka hospitali. Nilimkuta anaanua dagaa, hakuacha. Nikapiga magoti kwenye mchanga nikaomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Aliyasikiliza yote, halafu akasema, "Nimesikia. Hata siku ile ya sherehe nilisikia maneno."

Nikamuuliza nimfanyie nini. Akafikiri, akasema, "Nataka kuiita mwenyewe. Na yule aliyejibu siku ile aje akae mbele yangu, niuone mdomo wake."

Kesho yake nikamleta shemeji zahanati. Tukamkalisha kwenye benchi, mikono magotini, midomo ameifunga kama mtoto anayekataa dawa. Mama akakaa kwenye redio. Nikamwonyesha kidude. Akabonyeza, akasema, "Hospitali?" Akaachia. Shhhhh. Hakuitazama redio, alikuwa anamtazama shemeji, na shemeji machozi yanamshuka hata kuyafuta anaogopa. Mimi niliomba pale sala ambayo sijawahi kuiomba kanisani.

Redio ikakwaruza. "Hospitali hapa, tunakusikia mama. Una mgonjwa?"

Shemeji hakutikisa mdomo. Mama akamtazama kidogo tena, kuhakikisha. Halafu akabonyeza.

"Leo hapana," akasema. "Nilitaka kusikia tu."