Mwalimu Harufu na Dada Aliyegeuzwa Paka

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake, na wanafunzi wake wa zamani mliosimama juani, poleni na asanteni kwa kuja. Maneno haya yanasomwa na binti yake wa pekee. Kuhusu wasifu huu marehemu aliagiza mambo mawili tu: usipambwe, na dada yake atajwe kabla yake. Basi tunaanza na dada.

Dada wa marehemu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1947, mtoto wa kwanza wa karani wa ghala na mama aliyeshona magunia. Alikuwa na pengo la jino la mbele, alipenda kuimba nyimbo ambazo hakuyajua maneno yake, na kwa kuamrisha watu hakuwa na mpinzani. Marehemu alizaliwa miaka minne baadaye, tarehe 11 Julai 1951, katika nyumba ileile ya vyumba viwili nyuma ya tanuru la matofali. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba kitinda mimba huyu alijifunza kutembea kwa kushika sketi ya dada yake, na hata alipokwisha kujua kutembea hakuiachia.

Ijumaa tarehe 29 Aprili 1960, baada ya wiki mbili za mvua, wasichana hao wawili walimpelekea baba yao chakula cha mchana kazini. Baba alikuwa mbele akipokea mzigo wa lori. Wakaingia nyuma kumsubiri, katikati ya magunia ya chumvi na maboksi ya sabuni, na ukuta wa nyuma ukaanguka. Paa liliegemea magunia, likaacha nafasi ya kutosha watoto wawili kulala. Marehemu alikuwa na miaka minane na hakuumia popote. Dada yake, wa miaka kumi na miwili, alibanwa miguu yote miwili chini ya boriti.

Waliochimba walianzia mlangoni, na watoto walikuwa nyuma. Mdogo alilia mpaka sauti ikamkauka. Hapo dada akasema, "Wewe, hebu nyamaza. Niambie unaona nini."

"Sioni kitu. Giza tupu."

"Basi niambie kuna harufu gani."

"Sabuni."

"Sabuni ipi? Ya kufulia au ya kuogea? Usinijibu kivivu."

Ndivyo walivyokaa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mdogo alitakiwa kutaja harufu tatu, sauti mbili, na kitu kimoja alichokigusa, kisha kuanza upya, na ilikuwa marufuku kurudia alichokwisha kusema. Chupa ya chai ya baba walikuwa nayo. Dada alimmiminia mdogo kifuniko kimoja kimoja, na kila alipoulizwa yeye je, alijibu kwamba ameshakunywa. Jumapili jioni mdogo alitaja harufu ya tatu, akasubiri, na hakuna aliyemwambia hiyo ulishaisema. Alitolewa Jumatatu tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi. Dada alitolewa saa moja baadaye. Chupa ilipimwa na mama yao mwenyewe, ambaye alijua alijaza vifuniko vingapi, akamuuliza mtoto alikunywa vingapi. Hesabu zililingana.

Marehemu alirudi shuleni Juni mwaka huohuo. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965 na sekondari mwaka 1969, kisha akaingia chuo cha ualimu, akahitimu Desemba 1971. Taarifa ya chuo ilisema ni hodari, ila huwachosha wakufunzi kwa kutaka maelezo.

Tangu Januari 1972 hadi alipostaafu mwaka 2011 alifundisha shule moja, na kwa sehemu kubwa chumba kimoja, kile cha mwisho karibu na gereji, ambacho walimu wengine walikikimbia kwa sababu ya kelele za nyundo. Yeye alikiomba. Alifundisha insha za maelezo. Mtoto akiandika "soko lilikuwa zuri sana", daftari lilirudi limejaa wino mwekundu. "Zuri ni neno la uvivu," alisema. "Nenda nje, funga macho, niletee harufu tatu, sauti mbili, na kitu kimoja ulichokigusa." Ndipo wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Harufu. Siku moja mwalimu mkuu alimwita ofisini.

"Mwalimu, wazazi wanalalamika. Watoto wananusa kila kitu. Mmoja kanusa mgeni wa baba yake."

"Aliandika nini?"

"Sijui aliandika nini!"

"Basi nitamuuliza," akajibu, na aliporudi darasani alimuuliza kweli.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na fundi saa wa mtaa wa pili. Barua ya kwanza ya uchumba ilisema, "Nakupenda sana sana sana." Aliirudisha imesahihishwa: "Sana ni mara tatu, maelezo hakuna." Fundi alikaa nayo wiki nzima, kisha akaandika, "Ukiingia dukani, saa arobaini zote naacha kuzisikia." Hiyo aliikubali. Walijaliwa binti mmoja mwaka 1979, wakaishi pamoja miaka thelathini na mitatu, hadi fundi alipofariki Machi 2010.

Sasa inabidi tuseme habari za kitabu, kwa kuwa wengi wenu mlikisoma mkiwa watoto, na baadhi yenu mmekuja leo kwa sababu yake.

Agosti 1985 alikuja mwandishi aliyekuwa akikusanya visa vya kweli vya watoto walionusurika. Marehemu hakuwa amemsimulia mtu yeyote yote kwa ukamilifu, hata mumewe. Alimsimulia mwandishi huyo alasiri mbili mfululizo, chupa, boriti, pengo la jino, kila kitu. Alimwomba jambo moja, kwamba watoto wa shule wamjue dada yake. Miezi michache baadaye mwandishi alirudi na fomu na rundo la karatasi zilizopigwa chapa. Kengele ya kipindi ilikuwa imeshalia. Mganga hajigangi: mwanamke aliyepiga marufuku mtoto yeyote kukabidhi kazi bila kuisoma mara mbili, alitia sahihi bila kusoma hata ukurasa mmoja, akakimbilia darasani.

Kitabu kilitoka mwaka 1986. Ghala lilikuwemo, mvua ilikuwemo, sabuni ilikuwemo, na maneno "usinijibu kivivu" yalikuwemo. Dada hakuwemo. Wachapishaji waliona kifo cha mtoto ni kizito mno kwa wasomaji wadogo, lakini msichana alihitaji kiumbe wa kuzungumza naye gizani. Wakampa paka. Paka huyo alitoka salama, akapewa maziwa. Juu ya jalada iliandikwa "Kisa cha kweli", na ndani likatajwa jina la marehemu.

Mwaka uliofuata kitabu kikawekwa kwenye orodha ya masomo, na mwalimu wa kukifundisha darasa la sita alikuwa yeye. Aliwasomea watoto wa watu habari za paka miaka ishirini na minne. Wakimuuliza, "Mwalimu, paka aliishi?" alisema, "Endeleeni kusoma." Nyumbani alimsimulia binti yake ukweli wote, akamwonya asibishane na vitabu vya shule.

Novemba 1990 binti mwenyewe alifanya mtihani katika darasa la mama yake. Swali la nne liliuliza, "Nani alimfariji msichana gizani?" Aliandika, "Mama mkubwa." Mwongozo wa kusahihisha ulisema, "Paka." Mkaguzi alikuwa amekaa meza ya pili akipitia kila karatasi. Marehemu aliweka alama ya kosa, kwa kalamu nyekundu, kwenye jibu la mtoto wake.

"Mama, si ni wewe uliyeniambia?"

"Nilikuambia."

"Sasa?"

"Mwongozo unasema paka."

Akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Binti alikaa na kinyongo hicho miaka mingi, na hatasimama hapa kaburini kudai kwamba kilikwisha chote.

Baada ya mtihani ule marehemu alianza kuandika barua. Aliandika kumi na nne. Jibu la kwanza lilisema watoto wanahitaji matumaini, na kwamba paka amependwa mno. Jibu la pili lilikuwa kalenda. Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa miaka: tutalifikiria toleo lijalo, tutakupigia, mhariri amehama. Toleo la sita, la mwaka 2006, lilikuwa na paka peke yake kwenye jalada. Walimwalika kwenye sherehe ya uzinduzi, akaenda, akidhani safari hii atapewa nafasi ya kusema. Mtoto wa safu ya mbele alimuuliza paka wake aliitwa nani. Alisema, "Hakuwa paka," lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshapelekwa kwa mwingine, na watu wakapiga makofi. Hapo hasira ilimwisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira. Hakuandika barua nyingine.

Oktoba 2022 madaktari waligundua kwamba mapafu yake yalikuwa yakikauka. Mwaka jana alianza kutumia oksijeni. Wodini, muuguzi aliyekuwa akimbadilishia shuka aliliona jina lake kwenye faili, akashika mdomo. "Jamani, kumbe ndiye wewe! Yule paka alizeeka?"

Marehemu alimnyooshea kidole binti yake. Binti akasimulia, tangu lori hadi kifuniko cha mwisho. Muuguzi aliketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo wasiloruhusiwa kufanya, akauliza, "Sasa mbona hawakuandika hivyo?"

Usiku haukuwa umeingia bado marehemu alipomuuliza binti, "Utasoma wewe?"

"Nitasoma."

"Usinifanye shujaa. Mimi nilipewa chai."

"Sawa, mama."

"Na asomwe yeye kwanza."

Alifariki Jumatatu tarehe 19 Februari 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili.

Katika mkoba wake wa shule tumekuta karatasi ya mtihani ya Novemba 1990. Alama ya kosa bado ipo kwenye swali la nne, na hakuifuta. Chini yake ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wa uzeeni: "Jibu ni sahihi. Mwalimu aliogopa."

Jana lilifika shada la maua kutoka kwa wachapishaji, na kadi yenye picha ya paka. Maua yapo hapo mbele. Kadi hatukuileta.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, na wanafunzi ambao hadi leo hawawezi kuingia chumbani bila kunusa. Ametanguliwa na wazazi wake na mumewe, fundi saa. Ametanguliwa pia na dada yake, aliyefariki Jumapili tarehe 1 Mei 1960 akiwa na miaka kumi na miwili, baada ya kumpa mdogo wake chai yote. Kitabu kimechapishwa mara sita. Programu hii ya mazishi, yenye maneno haya yote, imechapishwa nakala mia mbili, kwa hiyo tunaomba kila mmoja aende na yake nyumbani, na mtoto akiuliza nani alikuwa gizani na Mwalimu Harufu, asomewe. Hapakuwa na paka.

Mkubwa na mdogo, wapumzike pamoja kwa amani.