Wasifu wa Marehemu Enock Mayala, Aliyerekebisha Saa za Kliniki

Marehemu Enock Mayala alizaliwa Ushirombo tarehe 14 Machi 1988, mtoto wa tatu wa Mzee Mayala Ngusa na Mama Vumilia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza sekondari Shinyanga mwaka 2007, kisha akapata stashahada ya kompyuta Mwanza.

Alianza kwa kutengeneza kompyuta za watu mjini Geita. Baadaye akaandika programu-jalizi, kipande kinachobandikwa kwenye tovuti ya zahanati ili mgonjwa apange miadi kwa simu. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Kila toleo jipya lilijaribiwa kwanza na mama mkwe wake, Mama Mbuke.

Alifunga ndoa na Nelly tarehe 6 Juni 2015, wakajaliwa Nyamizi na Ignas. Kwa heshima ya ukwe, Enock hakukaa chumba kimoja na Mama Mbuke wala kumtazama usoni. Nelly alipeleka simu sebuleni, mumewe akajibanza jikoni kusikiliza mama akigombana na vitufe. Mama akikwama, toleo halitoki. Nelly alicheka sana siku hizo.

Mwaka jana Mama Mbuke aliandikiwa miadi ya 9:00, akaenda saa tisa alasiri na kukuta kliniki imefungwa. Enock aliona aibu kwelikweli. Akaanza toleo dogo la 3.2, litakaloandika "saa tatu asubuhi" badala ya 9:00. Januari 2025 figo zikamlaza. Aliendelea na kazi kitandani, akihofia kufa kabla halijatoka.

Jumapili tarehe 17 Agosti, wodini Shinyanga, lilikuwa tayari. Mama Mbuke alipoingia, Enock aligeukia ukutani. Mama akavuta kiti hadi kitandani, akaomba simu, akajaribu taratibu.

"Baba Nyamizi, nitazame," alisema. "Saa inasomeka. Litoe."

Enock akageuka, akamtazama.

"Wabeja, mayu," alimshukuru mama kwa Kisukuma.

Vidole vyake vilikuwa vimevimba, hivyo Nelly akambonyezea kitufe cha kulitoa. Alifariki kesho yake alfajiri.

Asubuhi hiyo zahanati zilipokea toleo hilo. Nelly aliacha simu ya kazi ya mumewe ikiwa imewashwa, na hakuna aliyepiga kulalamika. Hajalia bado. Anapokea pole, anagawa uji, na anasema hasikii kitu, kama mguu uliokufa ganzi.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wazazi, ndugu, na mama mkwe, ambaye ameomba kuketi kando ya jeneza, na wazee hawakumkatalia.

Mungu ampe Enock pumziko lenye amani.